Nani Bingwa wa Nishati? Mashindano ya Viumbe wa Mombasa na Bahari Yake

Mwanga wa jua husafiri kilomita milioni 150 kwa dakika nane na ushei, ukatua Mvita. Hapo mashindano huanza: nani aunase, nani amle aliyeunasa. Sheria ni kali. Kiumbe akimla mwenzake, takriban sehemu moja ya kumi tu ya nishati ndiyo huvuka. Sehemu kubwa ya iliyobaki imekwisha kuteketea kwa joto na mwendo. Mwanaikolojia Raymond Lindeman alitia msingi wa hesabu hiyo mwaka 1942. Wafuatao ndio mabingwa sita, tukihesabu kuelekea kileleni.

6. Mwokotaji hodari zaidi: kunguru
Ukoo wake uliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kufika Mombasa mwaka 1947. Mabaki ya jikoni, mayai, vifaranga: kwake vyote ni nishati. Mwaka 2024 serikali ilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja. Kwa kulinganisha, kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019!

5. Mbahili kuliko wote: silikanti
Mwaka 2001 wavuvi walimnasa samaki huyu mmoja nje ya Malindi: mita 1.7, kilo 77, uzito wa mwanamume mzima. Anaishi kilindini, anaogelea taratibu, na mwili wake huchoma nishati kidogo mno. Mimba yake hukadiriwa kuchukua miaka mitano, sawa na kutoka uchaguzi mkuu mmoja hadi mwingine.

4. Mbebaji wa mbali zaidi: nyangumi wa nundu
Hushiba krili kwenye maji baridi ya Antaktika, kisha hubeba nishati hiyo kama mafuta mwilini hadi pwani yetu, kati ya Julai na Septemba, kuja kuzaa. Safari inapita kilomita 6,000: ni kama kwenda Nairobi kwa barabara mara 12, karibu bila kula chochote, na mama ananyonyesha!

3. Akiba kongwe zaidi: matumbawe
Mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe huweza kuyapa hadi asilimia 90 ya nishati yanayohitaji, na kwa nguvu hiyo yanajenga mwamba. Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya mwamba kama huo, uliokua zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ngome ina miaka mia nne na kitu. Mawe yake yameizidi umri mara 200.

2. Samaki mkubwa kuliko wote: papa shilingi
Mita 12, urefu wa basi la masafa marefu, na wako wanaozidi hapo. Siri yake? Hana madalali. Kilo moja ya jodari sokoni imepitia dagaa, na kabla ya dagaa planktoni wanyama, viumbe wadogo wanaoelea majini. Kwa kukadiria, imegharimu tani moja ya planktoni mimea, mzigo wa pikapu. Papa shilingi hula planktoni moja kwa moja, akakwepa hasara ya katikati.

1. Bingwa wa mabingwa: Prochlorococcus
Ndiye kiumbe mdogo kuliko wote wanaojulikana kuishi kwa usanisinuru: panga 1,600 ndipo upate milimita moja. Wanasayansi walimgundua miaka ya 1980 tu. Katika maji maangavu ya bahari kuu za joto, mililita moja huweza kubeba 100,000, hivyo vijiko vitatu vya chai vinaishinda kaunti nzima ya Mombasa kwa idadi. Yeye na planktoni mimea wenzake hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Msitu wa Kongo, Amazon, mbuga na mashamba ya mabara yote yanagawana nusu iliyobaki!