Mtoto akisema 'klasi', hazungumzii darasa

Kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta, kwa Python au Java, hachukui muda mrefu kabla hajaanza kutaja "klasi" na "objekti". Mzazi aliye karibu husikia darasa, akauliza la ngapi. Mazungumzo hufa hapo, na kijana hurudi kwenye skrini yake. Ni hasara, maana mzazi wa Kizimkazi jambo hilo analijua hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Liko pwani, limepangwa mchangani.

Tazama ngalawa. Fundi anayeichonga kwa gogo la mwembe hahitaji mchoro. Kichwani mwake anajua ngalawa ni nini: mtumbwi, ndubi mbili ubavuni, mlingoti na tanga. Ujuzi huo ndio klasi. Hauelei, hauvui samaki. Kile anachokishusha majini ndicho objekti: ngalawa hii hapa, yenye jina lake, rangi yake na kiraka chake. Akichonga kumi kwa ujuzi uleule, moja ikatoboka, tisa zilizobaki hazina habari.

Sasa chukua boti zinazopeleka wageni kutazama pomboo. Kijana anayetaka kuziandikia programu ya kuuza nafasi ataanza na klasi moja, aiite Boti. Humo ataweka mambo ambayo kila boti inayo: jina, idadi ya juu ya abiria, na abiria waliokwishapanda. Kisha ataweka inayoyafanya: kupakia, kuondoka, kurudi. Boti moja inaweza kuwa na nafasi 8 na nyingine 12. Kila objekti hubeba hesabu yake yenyewe.

Kanuni, lakini, huandikwa mara moja tu, kwenye klasi: kabla ya kupakia, linganisha, nafasi zikijaa, kataa. Angeiandika upya kwa kila boti, siku moja angeisahau kwa boti moja. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa uzito wa kusahau huko. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Kompyuta haimzuii mtu kudandia chombo, hilo liwe wazi. Inachoweza kukataa ni kuuza nafasi isiyokuwepo. Tena kanuni ikikosewa kwenye klasi, boti zote hukosea kwa pamoja.

Fikra hii ilikomaa Oslo, Norway (nao ni watu wa bahari), katika miaka ya 1960. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitaka kuigiza mambo ya dunia ndani ya kompyuta, wakatunga lugha iitwayo Simula. Toleo la Simula 67 ndilo lililoleta klasi na objekti, na lugha nyingi za leo zimefuata njia hiyo.

Basi badala ya kuuliza darasa la ngapi, mwulize mwanao: klasi yako ina nini ndani, inafanya nini, na umetoa objekti ngapi? Akikuonesha klasi ya Ngalawa na klasi ya Boti, zote zina jina na abiria, mwulize kwa nini ameandika mambo yaleyale mara mbili. Pengine atakwambia ipo klasi ya juu, Chombo, ambayo hizo mbili zinaweza kuirithi. Au atanyamaza kidogo, kisha aanze kufuta.