Enziu Ilililiwa na Nchi Nzima. Wa Kiboko Je?

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilisombwa na Mto Enziu, kwa majirani zetu wa Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nchi nzima iliomboleza kwa sababu iliona: waliokuwa ukingoni walirekodi kwa simu basi likizama.

Hapa Kiboko, kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, anayegongwa akivuka hufa peke yake, mara nyingi gizani. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Hizo ni Enziu zaidi ya mia moja, ila zimekatwa vipande vidogo visivyoingia taarifa ya saa moja jioni.

Huruma hufuata picha na wingi wa mara moja. Taabu ni kwamba michango hufuata huruma, na matuta na taa pia.

Kwa hiyo ajali ya mtu mmoja nayo iandikishwe polisi, kisha msimamizi wa wadi ajulishwe mahali na saa. Visa kadhaa vya sehemu moja vikiwa kwenye maandishi, KeNHA, wenye barabara hiyo, wanaweza kuulizwa swali la kujibika.