Simu Ikikataa Kufungua Tovuti ya Kaunti: Maana ya Onyo na Hatua za Kuchukua

Kila msimu wa kulipia leseni za biashara na kutuma maombi ya basari, kuna wakaazi wanaokwama mahali pamoja. Mtu anaandika anwani ya tovuti kwenye simu, na badala ya ukurasa wa malipo anaona onyo kwamba muunganisho wake si wa faragha. Siku za kulipa zinayoyoma, adhabu inakaribia, na pale chini kuna kitufe cha kumruhusu aendelee hivyo hivyo. Je, akibonyeze?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu litakusaidia kujua tatizo liko wapi na namna ya kulipa kwa wakati bila kuhatarisha pesa wala taarifa zako.

Onyo hilo linatoka wapi?

Tovuti salama ina anwani inayoanza kwa herufi https. Kabla ya kuonyesha ukurasa, kivinjari chako na seva ya tovuti hufanya mambo mawili. Kwanza, hukubaliana juu ya toleo la TLS, yaani utaratibu wa kufumba ujumbe ili mtu aliye katikati asiweze kuusoma. Pili, seva huonyesha cheti cha usalama, ambacho ni kama kitambulisho chake. Kivinjari hukagua jina lililo kwenye cheti, tarehe zake na taasisi iliyokitoa. Jambo moja lisipolingana, kivinjari hukuonya.

Sababu za kawaida na suluhisho

1. Tarehe ya simu si sahihi. Simu iliyozimika kwa muda mrefu inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Kwa simu hiyo, cheti kizuri huonekana bado hakijaanza kutumika. Alama inayojitokeza katika Chrome ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu simu ichukue tarehe na saa kutoka kwa mtandao, kisha ujaribu tena.

2. Kivinjari ni cha zamani. Matoleo ya TLS 1.0 na 1.1 yaliachwa na vivinjari vikubwa mwaka wa 2020 kwa sababu yana udhaifu. Tovuti nyingi sasa hukubali TLS 1.2, iliyotoka mwaka wa 2008, na TLS 1.3 ya mwaka wa 2018. Kivinjari kisichojua matoleo haya hakiwezi kuelewana na seva. Sasisha kivinjari kutoka kwa duka la programu la simu yako. Usipakue kutoka kwa kiungo ulichotumiwa na mtu.

3. Simu yenyewe ni ya zamani. Kila simu huja na orodha ya taasisi za vyeti inazoziamini. Android iliyo chini ya toleo la 7.1.1 haina, kwenye orodha hiyo, cheti kikuu cha sasa cha Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti bila malipo kwa tovuti nyingi duniani. Alama yake huwa NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Kama simu haipokei tena masasisho, tumia kifaa kingine kwa shughuli za malipo.

4. Wifi ya umma. Wifi ya hoteli au stendi huweza kukatiza muunganisho ili kwanza ujisajili. Zima wifi na utumie bando lako.

5. Tatizo liko kwenye seva. Mnamo Septemba 2020, vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya chenye muda wa zaidi ya siku 398. Mwenye tovuti akisahau kukifanya upya, kila mgeni hupata onyo. Hilo likitokea kwenye tovuti ya kaunti, kosa ni letu, na ni wajibu wetu kulirekebisha.

Utajuaje kosa ni la nani?

Fungua anwani ile ile kwa simu nyingine inayotumia mtandao tofauti. Ikifunguka huko, tatizo liko kwenye simu yako au mtandao wako. Ikikataa kote, huenda tatizo ni la seva. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani, alama ya kosa na saa, uipeleke kwa ofisi ya mapato au kwa afisa wa wadi yako. Hakikisha picha haionyeshi nenosiri wala nambari ya kitambulisho.

Tahadhari kuhusu kufuli

Kufuli au https humaanisha kwamba mazungumzo yako na tovuti yamefumbwa. Haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli pia anaweza kupata cheti. Kwa hiyo soma anwani yote: tovuti rasmi za serikali nchini Kenya hutumia jina linaloishia kwa .go.ke, na chochote kinachofuata hutanguliwa na alama ya mkwaju. Anwani yenye go.ke katikati, kisha nukta na jina jingine, si ya serikali.

Kumbuka pia kwamba PIN ya M-Pesa huandikwa kwenye menyu ya simu yako pekee. Ukurasa wa tovuti ukikuomba PIN hiyo, ufunge mara moja.

Ikiwa muda unakaribia kuisha

Usisubiri usiku wa mwisho. Tovuti ikikataa, fika katika ofisi ya mapato ya kaunti ndogo yako ukiwa na kitambulisho na leseni ya mwaka uliopita, usaidiwe kulipa. Ukitumia saiba, andika anwani mwenyewe, na ukimaliza toka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka. Onyo likitokea hapo, usikubali mhudumu alipite kwa niaba yako. Taarifa zitakazopotea ni zako, na pesa pia ni zako.