Hijabu ya Mwanasesere na Sura Iliyo Ndani Yake

Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulipita kwa kicheko, nalo ni mwanasesere aliyemo mikononi mwa binti. Hatukusudii kufungua mjadala wa uharamu wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza, kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi wamewaruhusu watoto wa kike. Swali letu ni jingine: mwanasesere huyo anamfundisha nini binti kuhusu umbo na rangi aliyopewa na Mola wake?

Barbie aliingia sokoni Marekani mwaka 1959, akiwa na ngozi nyeupe, na kiuno chembamba kupita maumbile ya mwanamke yeyote mwenye afya. Mwaka 1967 kampuni ya Mattel, inayomtengeneza, ilitoa mwanasesere mweusi aliyeitwa Francie. Kalibu ya kichwa ilikuwa ileile ya Francie mzungu. Kilichobadilishwa ni rangi tu. Mweusi wa kwanza kuitwa kwa jina la Barbie hakuuzwa hadi mwaka 1980.

Mwishoni mwa mwaka 2003 akatokea Fulla katika nchi za Kiarabu, amevaa baibui na mtandio. Wazazi wa Kiislamu wengi walimpokea kwa furaha, nasi hatuidharau furaha hiyo, kwani stara ni jambo kubwa. Lakini mvue Fulla baibui lake umtazame: mwembamba, mweupe, nywele ndefu zilizonyooka. Vazi limesilimu, kipimo cha uzuri kimebaki palepale.

Huenda baadhi yetu wakasema kuwa hiki ni kitu cha kuchezea tu. Katika miaka ya 1940 wataalamu wawili wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, nao wenyewe weusi, waliwaonyesha watoto weusi 253 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Yapata theluthi mbili ya watoto hao, wenye umri wa miaka 3 hadi 7, walitaka kucheza na yule mweupe. Walipoulizwa nani anaonekana mbaya, wengi walimwonyesha mweusi. Kisha wakaulizwa nani anafanana nao, na baadhi yao wakalia. Utafiti huo ulitajwa mwaka 1954 katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyobatilisha ubaguzi wa shule.

Na umbo je? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha wasichana 162 wa miaka 5 hadi 8. Walioonyeshwa picha za Barbie waliuridhia mwili wao kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na walitamani zaidi wembamba. Miaka mitano! Huyo hata Juzuu Amma hajaimaliza.

Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua dalili zake ukubwani: mkorogo, na krimu zenye zebaki inayodhuru figo, zikipakwa na wanawake wanaosikia kila Ijumaa kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa uchamungu. Hatusemi mwanasesere peke yake ndiye aliyewafikisha hapo. Shangazi anayemwita mtoto mmoja "mzungu wangu" na ndugu yake "mweusi kama chungu" ana sehemu yake, pengine kubwa zaidi.

Kwa hiyo mama anapomnunulia binti Fulla, amsimulie pia Ummu Ayman (r.a.), Mhabeshi aliyemlea Mtume (s.a.w.) baada ya kufariki Bi Amina, na ambaye Abubakar na Umar walikuwa wakimzuru baada ya Mtume kufariki. Na si lazima kununua. Bibi zetu walicheza na wanasesere wa magunzi na matambara. Kitambaa cha kahawia, pamba kidogo na uzi mweusi vinatosha. Nywele zisukwe twende kilioni, na kiuno binti akijaze pamba apendavyo.