Buibui wa Redon: anatabasamu au anakenua?



Hapa Stockholm mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa tisa mchana, kwa hiyo si vibaya tukizungumza kidogo juu ya weusi.

Mwaka 1881 Mfaransa Odilon Redon (1840–1916) alichora kwa mkaa buibui mweusi, mviringo kama mpira wa manyoya, mwenye uso wa mtu. Mchoro huo ni mali ya Musée d'Orsay, Paris. Ukihesabu miguu utapata kumi, na sote tunajua buibui ana minane. Redon alijifunza mambo ya viumbe kwa rafiki yake Armand Clavaud, mtaalamu wa mimea, kwa hiyo sidhani kama ni ujinga. Alitaka kiumbe cha ndotoni, lakini chenye uzito wa kiumbe hai.

Na mkaa ulimfaa. Mkaa haushiki karatasi kwa nguvu kama wino. Unaupaka, unaufuta kwa kidole, na mwanga unatokea pale ulipopunguza giza. Ndiyo maana buibui huyu anaonekana kama ametoka mwenyewe kwenye weusi. Michoro ya namna hii Redon aliiita kwa jina moja tu: "weusi" wake.

Sasa tatizo letu ni jina. Kifaransa ni *L'Araignée souriante*. Neno kwa neno: "Buibui Anayetabasamu". Lakini tabasamu letu ni la upole, la midomo. Huyu anaonyesha meno! Kwa Kiswahili huyo amekenua, na anayekenua humwamini upesi. Halafu "buibui" kwa mtu wa Mombasa au Unguja ni pia lile vazi jeusi la kina mama, na kwa Mwislamu ni yule aliyetanda utando kwenye pango la Thaur akamficha Mtume. Yaani kwetu buibui anasitiri. Wa Redon anatisha, tena anacheka.

Wazungu nao walishtuka. Huysmans alimtaja buibui wa Redon mwenye uso wa mtu katika riwaya yake *À rebours* ya 1884. Mwaka huohuo Ernst Josephson, mzaliwa wa Stockholm, alichora *Strömkarlen*, jini la mtoni akipiga fidla. Nationalmuseum waliikataa, Prince Eugen akainunua 1893, na leo imo ukutani Waldemarsudde, hapahapa Djurgården. Nendeni mkaione.

Basi tusikimbilie kusema eti ni picha za kishetani tukaishia hapo. Sisi wenye mazimwi na majini tele katika ngano zetu tuna msamiati wa kuzieleza kuliko tunavyodhani. Mimi napendekeza "Buibui Aliyekenua". Wenzangu mnaonaje?

Wasalaam.