Binti anataka kuwa muuguzi: Aanzie wapi?



Ndugu msomaji, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi wengi huuliza swali moja: "Kijana wangu anataka unesi, apitie wapi?" Swali hili ni zuri, ila mara nyingi huja limechelewa. Safari ya uuguzi haianzi siku ya kujaza fomu ya chuo. Huanza pale mtoto anapoamua masomo gani aendelee nayo sekondari na yapi ayaache.

Tuangalie hali ilivyo katika wodi ya wazazi. Mume anamleta mkewe kujifungua, anakuta aliye zamu ni mwanaume, anaanza kunung'unika. Wapo wanaofikia kutaka kumhamisha mama huku uchungu umeshakolea. Hiyo ni hatari, kwani kuchelewa huko kunaweza kugharimu maisha ya mama au ya mtoto. Wanavyuoni wameshaeleza kuwa wakati wa dharura inajuzu mwanamke kuhudumiwa na mwanaume. Lakini tujiulize: huyo muuguzi wa kike tunayemtaka atatoka nyumba ya nani, ikiwa binti zetu tunawaambia kuwa sayansi ni ngumu na wao ni watu wa kuolewa tu?

Kazi hii si ngeni katika Uislamu. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyekuwa na hema la kuuguza majeruhi katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alipelekwa kwenye hema hilo. Bibi Ummu Atiyya naye alifuatana na jeshi akiwahudumia wagonjwa na majeruhi.

Masomo yanayohitajika

Kwa Tanzania Bara, anayetaka kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga kutoka kidato cha nne anatakiwa awe na ufaulu usiopungua masomo 4 yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi.

Hapo kwenye "yasiyo ya dini" ndipo familia nyingi hukwama. Mtoto ana D ya Kemia, D ya Baiolojia, D ya Fizikia na alama nzuri sana ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mzazi anahesabu masomo manne na kushukuru. Chuo kinahesabu matatu. Utaratibu huu haumlengi Muislamu peke yake, kwani Maarifa ya Biblia nayo hayahesabiwi. Basi mtoto asome dini yake, tena kwa bidii, lakini asiifanye kuwa somo la nne la kuingilia chuoni. Na akiacha Fizikia kwa sababu marafiki zake wameiacha, ajue amejifungia mlango huu. Atakayetaka kuurudia italazimu akae tena mtihani wa somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Ngazi za masomo

Stashahada huchukua miaka 3, ikipitia ngazi za NTA 4, 5 na 6, ngazi moja kila mwaka. Akihitimu anatakiwa kusajiliwa na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Bila leseni haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi.

Njia ya pili ni kidato cha tano na sita, hasa mchepuo wa PCB, kisha shahada ya uuguzi ya miaka 4, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Wazazi wengine huiona stashahada kama njia ya walioshindwa. Si kweli. Mwenye stashahada akipata wastani mzuri, kwa kawaida GPA ya 3.0 na kuendelea, anaweza kuomba shahada baadaye akiwa tayari ana kazi mkononi. Kwa nyumba yenye kipato kidogo na watoto wengi wanaosoma, njia hii mara nyingi ndiyo nyepesi zaidi.

Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ilianza mwaka 2023 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia wasiwasi wa riba Waislamu wengi, iliondolewa mwaka 2021. Soma masharti yote ya mkataba, kisha umuulize sheikh unayemwamini.

Tahadhari ya vyuo

Usilipe hata shilingi kabla ya kuhakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET. Vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Uliza pia wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani. Na usidanganyike na kozi za miezi michache zinazotangazwa mitaani kuwa ni za unesi. Hakuna leseni ya uuguzi inayopatikana kwa miezi michache. Fedha ya mzazi itapotea, na umri wa binti hautarudi.

Afya ya mwanafunzi mwenyewe

Kabla hajaingia wodini, apate chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3 ndani ya miezi 6. Ugonjwa huu huambukizwa kwa damu, na mwanafunzi anayejifunza kuchoma sindano yumo hatarini. Akijichoma kwa sindano iliyotumika, aoshe jeraha kwa maji na sabuni na atoe taarifa papo hapo, kwani dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Aliyelelewa madrasa ana mtaji wa tahara. Aongeze juu yake: kunawa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Udhu wa Adhuhuri hauchukui nafasi ya kunawa huko.

Ndugu msomaji, jioni ya leo fungua daftari la mwanao la Fizikia, la Kemia na la Baiolojia. Ukiona anayumba, mtafutie mwalimu wa kumsaidia sasa, kama ulivyomtafutia ustadhi wa kumfundisha Qur'an. Na ikiwa unaye kijana wa kiume mwenye moyo wa kuhudumia wagonjwa, haya yote yanamhusu naye. Wagonjwa wanaume nao wanastahili kusitiriwa.

Wabillahi tawfiq.