Koili ya Jiko Haiwezi Kupima Joto

Koili ya udhibiti wa joto ni kipande cha waya chenye kazi mbili: kuyapasha moto majimaji ya vepu, na kuijulisha chipu ya kifaa joto limefika wapi. Kazi ya kwanza inawezwa na karibu waya wowote unaopitisha umeme. Ya pili inawezwa na aina chache tu, na hapo ndipo wengi wanaosuka koili yao ya kwanza huharibu.

Ndani ya tanki hamna kipimajoto. Chipu hupima ukinzani wa waya, tena na tena ndani ya kila sekunde, kisha hupiga hesabu. Metali nyingi zikipata joto ukinzani wake hupanda kwa kiwango kinachojulikana: nikeli takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, titani karibu asilimia 0.35, na chuma cha pua cha daraja la 316L kama asilimia 0.09. Koili ya nikeli yenye omu 0.10 kwenye nyuzi 20 husoma karibu omu 0.22 ikifika nyuzi 220, na chipu iliyopangiwa nyuzi 220 ikiona namba hiyo hupunguza umeme papo hapo. Mfumo huu uliingia sokoni mwaka 2014 kwa chipu ya DNA 40 ya kampuni ya Evolv ya Marekani.

Katika mtaa wa Tassia, kama kwingineko Eastlands jijini Nairobi, koili za jiko la umeme huuzwa kwenye hadwea za mtaani kwa bei ambayo haimuumizi mtu. Ndiyo maana swali halikomi: je, kipande cha koili hiyo kikizungushwa kwenye shina la bisibisi, si kitafaa kwa udhibiti wa joto? Hakitafaa. Wanaokitetea hushikilia kwamba waya wa jiko umetengenezwa kustahimili moto mkali, kwa hiyo kwenye vepu hauwezi kuungua. Ni kweli hautaungua. Kitakachoungua ni pamba inayopita ndani ya koili, na moshi wake utaishia kwenye koo la anayevuta.

Waya wa jiko ni wa moja kati ya aloi mbili. Kuna nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu uliopewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh, na kuna aloi ya chuma, kromiamu na alumini iliyobuniwa Uswidi na Hans von Kantzow, inayojulikana kwa jina la biashara la Kanthal. Zote mbili zilipendwa kwa sababu ile ile: ukinzani wake haubadiliki sana hata waya ukiwa mwekundu. Jiko la wati 1,000 kwenye umeme wa volti 240 linahitaji ukinzani wa karibu omu 58, na linauhitaji likiwa baridi na likiwa moto. Jiko hilo lingesukwa kwa nikeli, lingevuta umeme mara kadhaa zaidi dakika linapowashwa, na swichi kuu ya nyumba ingeanguka kabla sufuria haijawekwa. Utulivu huo wa ukinzani, unaolifanya jiko kuwa jiko, ndio unaoipofusha chipu ya vepu.

Hesabu yake ni fupi. Kanthal ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 220, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.4. Chipu iliyoambiwa kwamba waya ni chuma cha pua inangoja ongezeko la asilimia 18. Ikiona 0.4 inaamini joto la koili limepanda kwa nyuzi nne au tano tu, nayo inaendelea kumimina umeme. Nikromu ina nafuu ndogo isiyosaidia kitu: ongezeko la asilimia 2 hivi, ambalo chipu hulisoma kama kupanda kwa nyuzi 22. Kioo kinaonyesha zile 220 zilizopangwa, waya unakaribia kuwa mwekundu, na mtumiaji anaamini amelindwa. Vifaa vyenye akili zaidi hugoma na kurudi kwenye wati za kawaida. Vile vya bei rahisi havigomi.

Dawa ya mitaani kwa tatizo hili ni kuubabua waya kwenye jiko mpaka uwe mwekundu, eti “uzoee moto.” Kuubabua huondoa mafuta na kuacha ngozi ya kijivu ya oksaidi juu ya waya. Hakuigeuzi aloi kuwa nyingine, na kiwango cha kupanda kwa ukinzani kinabaki palepale. Ushauri mbaya kuliko huo ni wa kutumia waya wa kuanikia nguo. Waya ule umepakwa zinki, na moshi wa zinki ndio unaowapa mafundi wa kuchomelea mabati homa na baridi usiku baada ya kazi. Hauna nafasi yoyote karibu na mdomo wa mtu.

Kwa anayeanza, waya sahihi ni chuma cha pua cha 316L, geji 26, ulionunuliwa ukiwa na jina lake kwenye kibandiko. Nikeli ni laini mno na hupinda ovyo. Titani ikiachwa iwe nyekundu hutoa unga mweupe wa oksaidi. Mizunguko minane kwenye kipenyo cha milimita 3, iliyoachana kidogo bila kugusana, hutoa karibu omu 0.56. Skrubu zikazwe barabara, maana kosa la omu 0.02 kwenye mguu mmoja linapotosha kipimo kwa nyuzi kama 40. Koili isiwashwe mpaka iwake. Pamba ipite bila kubanwa, iloweshwe mpaka katikati. Kifaa kiwekwe kwenye mpangilio wa SS316, au kiandikiwe kiwango cha kupanda kwa ukinzani cha 0.00092, na joto lianzie nyuzi 200.

Ukinzani wa mwanzo hufungwa kwenye chipu koili ikiwa baridi kabisa. Ukifungwa koili ikiwa na nyuzi 60, chipu itaamini hizo ndizo 20, na anayeomba nyuzi 220 atapata karibu 270. Tanki lililotoka kuvutwa lingojwe lipoe.

Betri za 18650 zilizochomolewa kwenye laptopu kuukuu zisitumike, kwa kuwa nyingi hazikuundwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Na udhibiti wa joto hauugeuzi mvuke wa nikotini kuwa salama: unachofanya ni kuzuia pamba isiungue na kupunguza kuvunjika kwa glisarini kuwa akrolini na fomaldehidi. Ladha ya kuungua ikitokea hata hivyo, pamba itupwe, ukinzani upimwe upya koili ikiwa baridi, na namba hiyo ilinganishwe na ile ya mwanzo. Ikitofautiana, huenda skrubu imelegea.